Mzigo, Baridi na Neno: Mpagazi wa Nyanda za Juu katika Maandishi ya Safari

Vitabu vya historia ya Kiswahili, karibu vyote, vinakubaliana kwamba lugha hii iliingia bara kwa njia ya misafara ya biashara katika karne ya 19. Kauli hiyo si ya uongo, lakini imerudiwa mno hata upungufu wake hauonekani tena. Msafara hausemi. Waliosema ni watu, na walio wengi miongoni mwao hawakuwa matajiri wenye mali wala makarani wao, bali wapagazi: watu waliochukua pembe, majora ya merikani, shanga, masango ya shaba, risasi na unga wa kulia njiani, wakatembea na vitu hivyo miezi kwa miezi kutoka pwani hadi maziwa makuu na kurudi. Mwanafunzi wa fasihi akiuliza watu hao waliacha maandishi gani, jibu analopewa ni fupi: hawakuacha. Kisha somo huendelea kwa Tippu Tip.

Makala haya yanakusudia kulipinga jibu hilo, au angalau kuonyesha kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Mfano uliochaguliwa ni wapagazi waliopanda nyanda za juu: njia ya Naivasha, Nakuru, Ravine na Mau katika Bonde la Ufa, pamoja na milima miwili iliyokaribiana na njia za misafara, Kenya na Kilimanjaro. Sababu ya kuchagua miinuko hiyo ni ya kihakiki zaidi kuliko ya kijiografia. Katika nchi tambarare yenye joto mwandishi wa safari aliweza kumwacha mpagazi awe tarakimu tu, kwa kuwa mwili wake haukukatiza masimulizi. Penye baridi na hewa nyepesi mwili ulikataa, na ulipokataa mwandishi alilazimika kusema jambo. Yafaa basi kuchunguza alisema nini. Na yafaa zaidi kuchunguza yale maneno machache ambayo wachukuzi wenyewe waliyasema na yakabaki.

Njia ya Bonde la Ufa haikuwa ngeni kwa watu wa pwani kabla ya Wazungu kuifikia. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha London maelezo ya njia za misafara ya bara, na msemaji wake mkuu alikuwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, aliyeweza kuzieleza safari hizo kituo baada ya kituo. Baadaye kidogo wafanya biashara kama Jumbe Kimameta wa Pangani walikuwa wameizoea nchi ya Naivasha na Baringo kwa kutafuta pembe. Anayetoka Mombasa hufika Ziwa Naivasha akiwa amekwisha kupanda mita 1,880 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nakuru liko chini kidogo, kwenye mita 1,750 hivi, na mara tu baada ya hapo ardhi huinuka tena kuelekea Mau, ambako njia hupita juu ya mita 2,500.

Hata hivyo urefu peke yake haukuwa tatizo kubwa kama chakula. Wamasai ni wafugaji, hawakuwa na nafaka ya kuuza. Kwa hiyo msafara uliotoka Ukikuyu kuelekea Kavirondo ulilazimika kujichukulia chakula chake. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Posho ya mtu kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ambacho hukaribia robo tatu za kilo. Kwa kila siku 20 zisizo na soko, mtu mmoja hula karibu nusu ya mzigo wake mwenyewe. Mwenye msafara, basi, ama aliongeza watu, ambao nao walitaka kula, ama alipunguza posho, ama alizidisha mzigo. Hesabu hiyo iliifanya nchi ya Mau iogopwe kabla hata mvua haijanyesha. Ikinyesha, mtu aliyevaa shuka moja ya pamba iliyolowa, tumbo lake likiwa na nusu kibaba, hulala nje katika usiku wa mita 2,500. Wanaotafuta katika tabia ya Waswahili au ya Wanyamwezi sababu ya vifo vilivyotokea huko wanajisumbua bure. (Mauaji ya Kedong ya Novemba 1895, ambamo mamia ya wachukuzi Wakikuyu na Waswahili waliokuwa wakirudi kutoka Ravine waliuawa na Wamasai baada ya ugomvi, ni habari ya namna nyingine, nayo yahitaji makala yake.) Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa 1901 ikafika ziwani Kisumu; tangu hapo mzigo ulihamia katika behewa, na njia ya wapagazi juu ya Mau ikaachwa kwa majani.

Katika maandishi ya Kiswahili yenyewe, kipimo kinachotumiwa siku zote ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode kuanzia mwaka 1902. Tippu Tip hakupita Bonde la Ufa. Biashara yake ilikwenda Tabora, Manyema na Kongo. Lakini namna yake ya kumsimulia mpagazi ndiyo namna iliyozoeleka. Wapagazi huingia katika maelezo yake kwa idadi, sawa na bunduki na frasila za pembe, nao hupata nafasi zaidi ya idadi pale tu wanapotoroka. Kisa kinachojulikana sana ni kile cha wapagazi wake kumkimbia, naye akaingia nchi ya Wazaramo akakamata watu wapatao 800, akawafunga, akawapeleka kwenye mizigo. Watu wakamwita Kingugwa. Wahakiki wa fani wamekisifu kisa hiki kwa wepesi wake wa kusimulia, na kwa kweli kinasimuliwa vizuri. Walilolipita ni kwamba jina lile la utani, ambalo msimulizi analitaja kwa fahari isiyofichika, ndilo neno pekee la watu wa mzigo lililosalia katika kisa kizima. Tajiri ana kurasa. Wao wana neno moja. Na neno hilo moja linamhukumu tajiri, ingawa yeye analivaa kama nishani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ana haki zaidi. Yeye ni mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Misafara aliiona ikishuka na ikipanda. Lakini kazi aliyopewa ni ya kuandika desturi, na desturi haina mtu ndani yake. Mpagazi wa Mtoro ni mpagazi wa siku zote, asiye na jina, asiyeumwa mguu siku ya Jumanne. Upungufu huu ni wa utanzu zaidi kuliko wa mwandishi. Hali kadhalika katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo alioutoa Velten mwaka 1901, waliopata kusimulia ni watu wa cheo cha biashara au watumishi waliokuwa karibu na bwana, kama Salim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 katika utumishi wa Mjerumani Bumiller. Aliyebeba sanduku la bwana mkononi aliulizwa habari za safari. Aliyebeba sanduku lile kichwani hakuulizwa.

Waandishi wa Kizungu waliopita Bonde la Ufa hawakuwa na udhuru wa utanzu, maana walikusudia kueleza yote waliyoyaona. Joseph Thomson, aliyesafiri mwaka 1883 na 1884 kupitia Taveta, Ngong na Naivasha hadi Baringo na Ziwa Viktoria, anawasema wapagazi wake kwa dharau tangu ukurasa wa kwanza wanamotokea: kwamba ni takataka za Unguja, kwa kuwa watu wazuri walikataa kwenda Umasai. Msomaji makini atakisoma kifungu hicho kinyume. Kama watu wazuri walikataa, basi walikuwapo wapagazi waliopima safari, wakaijua hatari yake, wakasema hapana. Nao ni watu wenye uamuzi. Thomson anayataja hayo bila kuyasikia. Tena yeye aliyewadharau kila siku ndiye aliyetegemea miguu yao, na uzoefu wa Jumbe Kimameta, kufika kule ambako jina lake lilibandikwa kwenye maporomoko ya Nyahururu kwa muda mrefu.

Halford Mackinder ni mfano ulio wazi zaidi. Katika maelezo yake ya safari ya mwaka 1899 ya kupanda Mlima Kenya, anaorodhesha msafara wake: Wazungu sita, Waswahili 66, Wamasai wawili na Wakikuyu 96. Wamasai anawasifia urefu. Wakikuyu anawataja kwa uchi wao. Waswahili hawapati hata kivumishi. Mpangilio huu wa sifa haukutokea kwa bahati. Aliyekuwa mgeni machoni alipata sifa ya macho, na Mswahili, aliyekuwa amezoeleka kama kamba na hema, hakuonekana. Msafara huo ulikumbwa na njaa. Kukawa na ugomvi na wenyeji uliogharimu maisha ya baadhi ya watu wake, na chakula kilikwisha hata ikabidi watu wavuke milima ya Aberdare kwenda kutafuta msaada kituo cha serikali huko Naivasha. Msaada ukaja, na tarehe 13 Septemba Mackinder alifika kileleni pamoja na Wataliano wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele viliitwa Batian, Nelion na Lenana, kwa heshima ya ukoo wa malaiboni wa Kimasai. Ni majina mazuri. Lakini hakuna hata mmoja wa watu hao aliyepanda na mzigo, na waliovuka Aberdare kutafuta unga hawakupewa hata kijito.

Hapa yafaa kukumbuka kitabu kimoja kisichohusiana na wapagazi kabisa. Mwaka 1943 Mtaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Walipanda bila mpagazi. Kwa hiyo kitabu chake, kilichotolewa kwa Kitaliano mwaka 1947, kimejaa mzigo: uzito wake, kamba zake zinazokata mabega, hesabu ya chakula kinachopungua. Mwandishi anapobeba mwenyewe, mzigo huingia katika nathari. Thomson na Mackinder hawakukosa kipaji cha kuueleza mzigo. Walikosa kuwa nao mgongoni.

Neno ambalo makala haya yanalishikilia zaidi lilisemwa miaka 51 kabla ya Mackinder. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka nchi ya Wataita kuelekea Uchagga pamoja na wachukuzi wachache na kiongozi wake Bwana Kheri, mtu wa Mombasa aliyezoea njia za bara, aliona weupe juu ya mlima mmoja. Akamwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na hakika, lakini akajibu kwamba anaudhani kuwa ni baridi.

Jibu hilo limesomwa kwa namna mbili, na zote mbili zimekosea. Rebmann alilichukua kama ushahidi wa theluji, akafurahi, akaendelea na safari. Neno lenyewe lilimsaidia kama kidole kinachoonyesha kitu, si zaidi. Huko London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika aliyeijua Afrika kwa vitabu tu, alikataa kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta, na habari zilizotoka vinywani mwa viongozi na wachukuzi akazihesabu kuwa ni porojo. Mmoja aliliona neno kuwa pungufu lakini la kufaa. Mwingine aliliona pungufu na lisilofaa. Wasomi waliokuja baadaye wameendelea kukisimulia kisa hicho kama kichekesho kidogo cha mtu wa pwani asiyejua theluji.

Inaweza kusemwa, bila shaka, kwamba Bwana Kheri alisema baridi kwa kuwa theluji hakuwa nayo katika msamiati wake wa kila siku. Huenda. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na mtu wa Mombasa alikuwa na sababu nyingi za kulihitaji la kwanza kuliko la pili. Lakini hoja hiyo haieleza kwa nini alichagua baridi na si neno lingine lililokuwa karibu zaidi na jicho. Kitu kilichoulizwa kilikuwa rangi iliyo mbali. Mtu anayejibu kwa jicho angesema chokaa, au fedha, au wingu. Tena jibu la fedha lilikuwapo: wamisionari hao hao waliandika kisa cha mtawala wa Machame aliyetuma watu kupanda kuutazama weupe ule uliodhaniwa kuwa kitu cha thamani, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibika. Bwana Kheri alijibu kwa ngozi. Aliutaja mlima kwa kile unachomfanyia mtu anayeukaribia na mzigo wake, na bila ya kipimajoto wala darubini akawa amesema ukweli ambao Cooley aliukana hadi wapimaji wa miaka ya 1860 walipoutia muhuri. Huo si upungufu wa lugha. Ni namna ya kujua, nayo ina sarufi yake: nomino inayotaja athari badala ya umbo.

Ushahidi kwamba namna hiyo ya kujua haikuwa ya Bwana Kheri peke yake umo katika Kiswahili chenyewe. Kitenzi pagaa kina maana mbili katika kamusi: kuchukua mzigo begani, na kumwingia mtu, kwa pepo. Aliyepagawa ni mtu aliyefanywa chombo cha kuchukulia kitu kisicho chake. Wapo wanaolinasibisha neno mpagazi na lugha za bara, Kinyamwezi hasa, na mjadala huo wa asili haujakwisha. Lakini kwa masikio ya msemaji wa Kiswahili maneno hayo mawili yamekaa pamoja, na ukaribu wao unasema juu ya kazi ile kuliko sura nzima ya Thomson. Ulinganisho na mchukuzi na hamali unadhihirisha jambo hilo. Mchukuzi ni mtu anayechukua, na kitenzi chake ni huru. Hamali ni wa bandarini na sokoni, na jioni hurudi kwake. Mpagazi ndiye anayekaa na mzigo hadi mzigo unakuwa ndani yake.

Kitenzi tua nacho ni cha kuweka mzigo chini. Kutokana nacho kumepatikana kituo, mahali pa kutulia mizigo. Leo kituo ni cha basi, cha polisi, cha afya. Ni alama ya mwisho wa sentensi. Na kwa washairi ni mstari unaofunga ubeti. Kibwagizo vilevile kina uhusiano na kubwaga, kitendo cha kuutupa mzigo chini kwa nguvu, na kipokeo na kupokea, jambo ambalo wachukuzi hufanyiana njiani. Kudai kwamba istilahi za ushairi zilitoka kwa wapagazi kungekuwa kosa kubwa, maana washairi wa Lamu na Mombasa walikuwa na bahari zao kabla ya mpagazi wa kwanza kufika Naivasha. Dai ni dogo zaidi na ni gumu zaidi kukanushwa: kwamba msemaji wa Kiswahili alipotafuta majina ya sehemu za wimbo, mwili aliouwazia ni mwili uliobeba, ambao hupumua mahali maalumu na hutua mahali maalumu. Anayefundisha mizani na vina darasani bila kulitaja jambo hilo anafundisha nusu.

Yako na mengine, ambayo hapa yatapitwa haraka. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulitozwa na wenye nchi. Siku hizi ni rushwa. Mnyapara alikuwa mkubwa wa wapagazi. Nchini Kenya jina hilo, mara nyingi bila ya m ya mwanzo, lilihamia kwa msimamizi wa shamba na kwa mfungwa aliyewekwa juu ya wenzake. Posho ilikuwa kibaba cha njiani. Mashine ya kusagia mahindi katika miji ya Bonde la Ufa huitwa ya posho hadi leo, na nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Kikosi cha wachukuzi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza kiliacha jina lake katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mkusanyaji mwenye subira angeweza kuandika historia ya kazi ya mzigo kwa kufuata mabadiliko ya maana ya maneno kama hayo, na historia hiyo ingekuwa na mambo mengi ambayo hayamo katika kitabu cha safari hata kimoja. Mambo ya hongo na ya mnyapara yanaonyesha pia kwamba maneno ya msafara hayakubaki na wapagazi. Yaliyofaa kutawalia yalichukuliwa na watawala.

Miongoni mwa vitabu vya wageni kiko kimoja kinachomtaja mpagazi wa mlimani kwa jina na kwa heshima kiasi. Hans Meyer, aliyefika kileleni Kilimanjaro pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, alifaulu kwa sababu ya mpango wa kambi zilizowekwa kwa ngazi, ambako wapagazi walipeleka chakula kwa zamu kutoka chini. Katika kambi ya juu, kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000 kutoka baharini, alibaki pamoja nao mtu mmoja tu wa msafara, Mwini Amani, mtu wa Pangani. Alikaa huko zaidi ya wiki mbili. Wakati Wazungu wawili walipopanda barafuni yeye alilinda hema, akapika, akatafuta kuni mahali pasipo na mti. Hewa ya hapo ina oksijeni ipatayo sehemu tatu kwa tano ya ile ya Pangani, na maji huganda usiku. Meyer anamsifu. Lakini sifa zote ni za uaminifu na uvumilivu, yaani sifa za kitu kinachotumika vizuri, na hakuna mahali mwandishi anapojiuliza mtu huyo, akiwa peke yake mchana kutwa kati ya vilele viwili, aliuitaje ule uwanda, au alimwambia nini mtu wa zamu aliyemletea unga. Kilele kiliitwa kwa jina la Kaizari Wilhelm hadi Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Sentensi moja ya Mwini Amani, kama Meyer angeiandika kwa Kiswahili chake, ingekuwa na thamani kwa taaluma hii kuliko jina hilo la kilele.

Wanaofanya kazi hiyo Kilimanjaro sasa wanaitwa wagumu. Jina hilo wanalitumia wenyewe, nalo ni zuri kwa sikio: kivumishi kilichosimama bila nomino, kana kwamba ugumu ndio mtu mzima. Hata hivyo mhakiki hana budi kuliangalia kwa mashaka. Bwana Kheri alitaja kile ambacho mlima unamfanyia mtu. Neno wagumu linadai kwamba mlima haumfanyii mtu lolote. Anayekubali kuitwa mgumu amekwisha kukubali kwamba hatalalamika kwa viatu vilivyotoboka wala kwa hema linalovuja, na anayemlipa amepata hoja yake bila kuitafuta. Kwa upande mwingine, ndani ya kundi lenyewe jina hilo hufanya kazi nyingine: linamtenga aliyefika juu na mzigo na yule aliyefika juu bila mzigo, na mgeni, hata akilipa kiasi gani, haitwi mgumu. Pande hizi mbili za neno hazipatanishwi kwa urahisi, wala hakuna sababu ya kuzipatanisha.

Nyimbo zao hazisaidii sana. Ule unaosikika mara nyingi ni Jambo Bwana, uliorekodiwa na Them Mushrooms wa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao huimbiwa wageni mlimani kwa kuongezwa jina la mlima na la vilele vyake. Ni wimbo wa kukaribisha, na mzigo haumo. Anayetaka kujua wagumu husema nini juu ya kazi yao asisimame pale wanapoimba kwa duara mbele ya kamera. Asimame langoni asubuhi, wakati mifuko inapotundikwa kwenye mizani na ukomo wa kilo 20 za mgeni unapokaguliwa, kisha awasikilize wanapogawana kile kilichozidi: nani apunguziwe, nani aongezewe, na kwa maneno gani.